"Paka Kidogo Sehemu Iliyoathirika": Uchambuzi wa Kisa cha Krimu ya Chunusi Iliyobabua Uso

Alipovua barakoa nilielewa kwa nini alisubiri wateja wengine waondoke kwanza. Pembe za pua zilikuwa zimebabuka na kuota magamba meupe, mdomo umezungukwa na duara la ngozi iliyoiva, kope za chini zimevimba kidogo, na kwenye paji la uso kulikuwa na vipele ambavyo siku kumi na sita zilizopita havikuwapo. Akaweka mfuko juu ya meza. "Dokta, dawa uliyonipa imeniunguza," akasema. Halafu, kwa sauti ya chini zaidi: "Na chunusi ziko palepale."

Mimi ni mfamasia, na dawa hiyo niliitoa mimi. Lebo iliyokuwa kwenye tyubu ni mwandiko wangu: *Paka kidogo sehemu iliyoathirika, mara moja kila usiku.* Maneno manane. Nimeyaandika kwenye krimu za fangasi, za ukurutu na za upele mara nyingi kiasi kwamba mkono unayaandika peke yake, na huko hayajawahi kuniletea mtu anayelia. Kwenye krimu ya retinoidi, yaani dawa za ukoo wa vitamini A, karibu kila neno kati ya hayo lilimpeleka dada huyu pabaya, kwa hiyo kisa chake nitakichambua kwa kufuata lebo yenyewe. Nimebadilisha mambo machache yanayomhusu, yasiyogusa tiba, ili asitambulike.

Alivyokuja mara ya kwanza

Ana miaka ishirini na mitatu na chunusi alianza nazo shuleni. Paji la uso na kidevu vilijaa vizibo vyeusi na vyeupe, mashavuni kulikuwa na vipele kama kumi na viwili vilivyovimba, baadhi vikiwa na usaha, na katikati ya hivyo madoa meusi ya chunusi zilizokwisha pona. Hakuwa na vile vinundu vikubwa vya ndani vinavyouma ukivigusa na kuacha mashimo. Daktari alimwandikia krimu ya tretinoini ya asilimia 0.05, tyubu ya gramu 20, apake usiku.

Dawa yenyewe siigombi. Retinoidi za kupaka ndizo msingi wa tiba ya chunusi za aina yake, na si dawa za juzi. Mwaka 1969 Albert Kligman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha matokeo ya kupaka asidi ya vitamini A, yaani tretinoini, kwenye chunusi, na mwaka 1971 ikaidhinishwa Marekani. Baadaye zikafuata adapalini, tazarotini, na mwaka 2019 trifarotini. Zaidi ya nusu karne ya matumizi imetuonyesha vizuri zinavyofanya kazi, na imetuonyesha vilevile kwamba watu wengi huziacha kabla hazijafanya kazi. Daktari angeweza kuanza na asilimia 0.025, nami ningeweza kumpigia simu kumuuliza. Sikupiga. Nilibandika lebo, nikamuuliza kama ana mimba, akasema hana, nikamwambia apake kidogo tu.

Mizani

Kabla ya kumuuliza lolote niliitoa tyubu yake kwenye mfuko, nikaipima kwenye mizani, kisha nikapima nyingine ya aina ileile ambayo haijafunguliwa. Tofauti ilikuwa gramu 11. Kwa usiku kumi na sita, hiyo ni karibu gramu 0.7 kila usiku. Kiasi kinachotosha uso mzima ni tone la ukubwa wa punje ya njegere, takriban robo ya gramu. Alikuwa anapaka karibu mara tatu ya kipimo.

Sikumpima ili nimkamate. Ukimuuliza mtu "ulipaka kiasi gani?" atakujibu "kidogo", kwa sababu ndivyo lebo ilivyomwambia, na kwa macho yake ilikuwa kweli. Krimu ya kulainisha ngozi huwa anapaka kiganja kizima. Ikilinganishwa na hiyo, mstari wa tretinoini kwenye vidole viwili ni kidogo. Neno "kidogo" halina kipimo. Sasa nampimia mteja palepale: nakamua tone la losheni ya kawaida mgongoni mwa mkono wake, anaona ukubwa, halafu namwambia aligawe kwenye paji, mashavu yote mawili, pua na kidevu kabla ya kulisambaza. Watu hushangaa. Wengi huuliza, "Hilo tu?"

Ndiyo, hilo tu. Ukizidisha, vizibo havifunguki haraka zaidi. Unachokiongeza ni magamba. Vipokezi ambavyo dawa inavishika ndani ya seli vina idadi yake, vikishajaa tone la pili halina pa kwenda ila kuichokoza ngozi.

Sehemu iliyoathirika ni ipi?

Hapa ndipo penye kisa chenyewe. Alikuwa na picha kwenye simu, karibu moja kwa kila siku, akijiandaa kunionyesha "kabla na baada" ya kufurahisha. Tulizipitia pamoja. Kuanzia usiku wa kwanza hadi wa sita alikuwa anachovya ncha ya kijiti cha pamba na kupaka kila kipele peke yake, donge nene juu ya kila kimoja kama mtu anayeziba matundu ya ukuta. Alitii lebo kikamilifu. Kilichoathirika ni kipele. Ngozi iliyo kati ya kipele na kipele ni nzima. Mtu yeyote mwenye akili angesoma hivyo.

Ila chunusi haianzii pale unapoiona. Kila kitundu cha ngozi kina unywele mwembamba na tezi ya mafuta ubavuni mwake. Kuta za kitundu huambua seli zilizokufa, na mafuta huzisukuma nje. Kwa mtu mwenye chunusi seli hizo huwa nyingi kupita kiasi na hunatana, zikajenga kizibo. Mwanzoni kizibo ni kidogo mno, hakionekani kwa macho. Nyuma yake mafuta yanajaa, bakteria wa *Cutibacterium acnes* wanastawi humo, mwili unawashambulia, na hapo ndipo kipele kinapovimba na kutunga usaha. Safari hiyo huchukua wiki kadhaa. Ukichukua kipande cha ngozi inayoonekana safi kabisa kwenye shavu la mtu wa aina hii ukakitazama kwa hadubini, kuna uwezekano mkubwa ukavikuta vizibo hivyo vimekaa kimya vikisubiri zamu yao.

Retinoidi inafanya kazi kwenye kizibo. Inaingia hadi kwenye kiini cha seli, inashika vipokezi vya asidi ya retinoiki, na kubadili jeni zipi zifanye kazi na zipi zitulie. Seli zinapevuka kwa mpangilio na hazinatani tena. Inatuliza pia sehemu ya uvimbe. Kwa kipele ambacho tayari kina usaha haina la maana la kufanya, maana hicho kimeshafika mwisho wa safari na kitapona chenyewe ndani ya siku chache. Kwa hiyo usiku sita wa kwanza dada yangu huyu alikuwa anapaka dawa mahali pekee usoni ambapo haikuhitajika sana, na kuacha bila dawa sehemu zote ambako chunusi za mwezi ujao zilikuwa zinatengenezwa.

Sehemu iliyoathirika, kwa chunusi, ni uso mzima unaopatwa na chunusi, ukiondoa kope, midomo na pembe za pua. Nimeandika sentensi hiyo kwenye karatasi na kuibandika juu ya kompyuta yangu. Niliyehitaji kuisoma ni mimi.

Usiku wa saba alibadilisha mtindo. Vipele vipya vilikuwa vimetokea penginepo, akaona dawa "inavikimbiza", akaanza kupaka uso wote, nene, mpaka chini ya macho.

Mfuko ulikuwa na nini

Nilimwomba aniwekee mezani kila kinachogusa uso wake. Vilitoka vitu saba. Sabuni ya povu yenye asidi ya salisiliki, asubuhi na jioni. Skrabu yenye chembechembe, kila asubuhi, na alikuwa ameongeza nguvu za kusugua tangu magamba yaanze. Tona yenye pombe. Jeli ya benzoili peroksaidi ya asilimia 10, aliyokuwa nayo tangu zamani, anapaka usiku *juu ya* tretinoini. Seramu ya usiku iliyoandikwa retinoli. Tretinoini yenyewe. Na tyubu ya betamethasoni, krimu ya steroidi, aliyopewa na rafiki yake siku nne zilizopita, "ya kutuliza".

Krimu ya kulainisha ngozi haikuwamo. Ya kukinga jua haikuwamo. Krimu ya kulainisha aliiacha siku alipoanza tiba, kwa sababu alisikia kwamba mafuta huleta chunusi.

Mtu akisimulia kisa hiki atasema "tretinoini ilimuunguza". Nilipouangalia ule mfuko sikuona namna ya kuibebesha lawama yote. Asidi ya salisiliki inaambua ngozi, skrabu inaikwangua, pombe inaikausha, peroksaidi inaichokoza. Retinoli nayo ni ndugu wa tretinoini: ngozi huigeuza kwa hatua mbili kuwa asidi ya retinoiki, dhaifu kuliko tretinoini lakini ukoo ni uleule, kwa hiyo alikuwa anapaka retinoidi mbili usiku mmoja bila kujua. Na peroksaidi ina kosa lake la ziada, kwani tretinoini katika krimu za kawaida huoza ikikutana nayo, hasa mwanga ukiwapo. Sehemu ya dawa aliyoinunua ilikuwa inaharibika juu ya uso wake mwenyewe huku ukali wa vyote viwili ukibaki kwenye ngozi.

Betamethasoni ndiyo iliyonitia wasiwasi zaidi, ingawa yeye aliiona ndiyo mkombozi. Siku mbili baada ya kuipaka, ngozi ilitulia, muwasho ukapungua, hata vipele vikanywea. Steroidi hufanya hivyo kwa kila mtu, na hapo ndipo mtego ulipo: ukiiendeleza usoni ngozi inakonda, chunusi za steroidi zinaota, na kila ukijaribu kuacha uso unalipuka upya, ukarudi kwayo. Bahati yake zilikuwa siku nne. Angeniletea baada ya miezi minne ningekuwa naandika kisa kingine.

Ni dawa inasafisha, au ngozi inaungua?

Alikuwa amesikia kwamba lazima uso uharibike kwanza ndipo upone, na kwa imani hiyo alivumilia siku kumi alizopaswa kuacha. Nadhani imani hii imewababua watu wengi kuliko dawa yenyewe. Ina chembe ya ukweli. Wapo ambao wiki za mwanzo vizibo vyao hukomaa haraka na kutoka pamoja, uso ukaonekana umezidi. Lakini watumiaji wengi hawapitii mlipuko wowote, na mlipuko wa kweli una tabia zake.

Tulirudi kwenye picha. Ya siku ya tisa inaonyesha vipele vidogo kwenye paji la uso, palepale palipokuwa na vizibo vyeupe siku ya kwanza. Mtu anaweza kuhesabu na kuvilinganisha. Huo nakubali kuuita mlipuko wa mwanzo. Ya siku ya kumi na tatu ni jambo tofauti. Panapoharibika ni pembe za pua, pembeni mwa mdomo, chini ya macho na juu ya shingo, mahali ambapo hajawahi kuota chunusi hata moja maishani. Hakuna vizibo huko vya kusafishwa. Nikamuuliza: ukinawa maji matupu, yanauma? Yanauma. Ngozi inabana na kung'aa kama imevutwa? Ndiyo. Hiyo ni ngozi iliyopoteza ukuta wake wa kinga, inavuja unyevu na kuingiza kila kitu.

Kuna jambo linalofanya watu wenye ngozi nyeusi wachelewe kugundua. Maelezo mengi husema "ukiona wekundu, punguza". Kwenye ngozi ya dada huyu wekundu hauonekani kama wekundu. Unaonekana kama weusi wenye uzambarau ndani yake, au ngozi iliyoiva tu. Alikuwa anasubiri wekundu ambao usingekuja. Na gharama ya kuchelewa kwake ni kubwa zaidi, kwa kuwa uchokozi kwenye ngozi nyeusi huacha doa kwa urahisi, na doa hukaa miezi baada ya kilicholisababisha kusahaulika. Ni kichekesho kichungu: retinoidi ni miongoni mwa dawa zinazosaidia kufifisha madoa hayo, na hapa zilikuwa njiani kuyaongeza.

Kila usiku

Neno la usiku lilikuwa sahihi, ila sikumweleza sababu, akabuni yake: kwamba ukiipaka mchana jua litakuchoma vibaya. Sababu ya kwanza ni kwamba tretinoini huharibika kwenye mwanga. Ngozi iliyo kwenye retinoidi kweli huchokozeka upesi na jua, lakini kwa hilo kupaka usiku pekee hakutoshi, inatakiwa krimu ya kukinga jua asubuhi, ambayo hakuwa nayo.

"Kila" ndilo lenye mjadala. Wapo wenzangu watakaosema majaribio ya dawa hizi yalifanywa kwa kupaka kila siku, na kwamba ukimwanzisha mtu kwa usiku mbili za wiki unamcheleweshea nafuu. Hoja hiyo ina uzito, na kwa kijana mwenye ngozi nene ya mafuta ambaye hajawahi kubabuka na chochote ningemwacha aanze kila usiku na adapalini. Kwa wengine napingana nao. Uchokozi wa retinoidi huwa mkali zaidi wiki chache za mwanzo, kisha ngozi huizoea. Anayeipita miezi miwili ya kwanza huwa na nafasi nzuri ya kuendelea. Anayebabuka wiki ya pili hutupa tyubu na kuwaambia jamaa zake wote kwamba dawa hiyo ni sumu. Heri kupoteza wiki sita za mwanzo kuliko kumpoteza mgonjwa.

Lebo yangu ilikuwa na pengo jingine ambalo halikuwa kosa la neno lolote: haikusema *lini*. Kwa kuwa kipele cha leo kilianza wiki kadhaa nyuma, dawa inayozuia kizibo cha leo itaonekana imefanya kazi wiki kadhaa mbele. Huwa tunapima matokeo kwenye wiki ya kumi na mbili. Yeye alijipa wiki mbili, kama angefanya kwa dawa ya fangasi. Alipoona siku ya kumi na sita chunusi ziko palepale akahitimisha imeshindwa, wakati bado haikuwa na namna ya kuonyesha chochote.

Tulivyofanya

Nilimpigia daktari wake, tukakubaliana. Siku kumi za mwanzo hakuna dawa hata moja. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini isiyo na manukato mara moja kwa siku, krimu ya kulainisha iliyoandikwa kwamba haizibi vitundu, asubuhi na jioni na wakati wowote ngozi ikibana, na krimu ya kukinga jua kila asubuhi. Betamethasoni niliomba aniachie, akaniachia. Skrabu aliitoa kwa shingo upande. Nilimweleza kwamba magamba ya kubabuka si uchafu unaohitaji kusuguliwa, ni ngozi inayojifunika.

Aliniuliza kwa nini nisimpe antibiotiki ya kupaka, rafiki yake mwingine ilimsaidia. Antibiotiki peke yake kwenye chunusi husaidia kwa muda, kisha bakteria wanakuwa sugu. Ikitumika inafaa iandamane na benzoili peroksaidi, na si ya kuanzia kwenye uso uliobabuka.

Siku ya kumi na moja maji hayakumuuma tena. Daktari akambadilishia retinoidi: adapalini krimu ya asilimia 0.1. Inavumilika zaidi kuliko tretinoini, haiharibiki kwa mwanga wala kwa peroksaidi, na kwa chunusi kama zake haimnyimi kitu. Marekani imeruhusu jeli yake ya asilimia 0.1 iuzwe bila cheti cha daktari tangu mwaka 2016, ishara kwamba ni mpole kidogo, ingawa mpole si sawa na asiyechokoza. Wiki mbili za kwanza alipaka Jumatatu na Alhamisi. Krimu ya kulainisha kwanza, tone la adapalini juu yake, kisha krimu ya kulainisha tena. Mafuta mazito ya jeli kwenye pembe za pua na midomo kabla ya yote, maana dawa hutambaa usiku na kujikusanya kwenye mikunjo. Wiki ya tatu na ya nne, usiku tatu. Halafu usiku mmoja ndiyo mmoja hapana. Kufikia wiki ya nane kila usiku, na akawa ameshaiacha ile krimu ya kwanza iliyo chini ya dawa.

Sharti lilikuwa moja: ukiona pembe za pua zinaanza tena au maji yakiuma, ruka usiku mbili, usijilazimishe. Alizitumia ruhusa hizo mara tatu.

Wiki ya sita alirudi amenuna. Haungui, lakini haoni kitu, na uso bado una mafuta. Nikamkumbusha kwamba retinoidi ya kupaka haipunguzi mafuta ya ngozi. Inayobana tezi za mafuta ni isotretinoini ya kumeza, dawa nyingine kabisa yenye masharti mengine kabisa, na chunusi zake hazikuwa zimefika huko. Kuhusu kutoona kitu, nilimwomba afungue picha ya siku ya kwanza tuangalie paji la uso tu, tusiguse mashavu. Vizibo vilikuwa vimepungua. Hakuwa amegundua, kwa sababu kila asubuhi alikuwa anahesabu vipele vilivyovimba tu.

Wiki ya nane tuliirudisha benzoili peroksaidi, safari hii ya asilimia 2.5, ya asubuhi, ya kunawa baada ya dakika chache. Ya asilimia 10 haiui bakteria kwa kiasi cha kustahili uchokozi wake wa ziada. (Inatoa rangi taulo na foronya. Hilo nalo sikumwambia, na nililipia kwa masimango.) Wiki ya kumi na mbili paji la uso lilikuwa karibu safi, mashavuni nilihesabu vipele vitatu, na madoa yalikuwa yameanza kufifia kwa mwendo wao wa kobe. Alitaka kuacha. Nikamwambia vizibo vitaanza kujijenga tena wiki ileile atakayoacha na ataviona wiki kadhaa baadaye, akaendelea.

Swali nililouliza nusu

Mwezi wa saba alikuja na habari njema na tyubu iliyobaki nusu. Yeye na mumewe walikuwa wameamua kutafuta mtoto. Aliuliza kama kuna shida, na aliuliza kwa bahati tu, wakati nafunga mfuko wa kitu kingine.

Mwanzoni nilimuuliza kama ana mimba. Sikumuuliza kama anaitarajia, na hayo ni maswali mawili. Retinoidi za kumeza huharibu mimba, hilo halina mjadala. Za kupaka huingia mwilini kwa kiasi kidogo sana, na sikutaka aondoke na hofu ya miezi iliyopita. Hata hivyo hatuzipi wajawazito wala wanaojiandaa. Tazarotini imepigwa marufuku wazi kwao, na tretinoini na adapalini tunaziepuka kwa tahadhari. Adapalini tukaisitisha siku hiyo. Baada ya kuongea na daktari alihamia asidi ya azelaiki, ambayo inatumika wakati wa mimba, inafungua vizibo kwa upole na inasaidia madoa. Ni ya polepole zaidi, na humchoma kidogo dakika za mwanzo. Anaijua tofauti ya kuchoma huko na kule kwingine.

Lebo ya tyubu mpya niliiandika mbele yake. Nafasi haikutosha, ikabidi nichukue karatasi ya pili na kuikunja ndani ya boksi. Alisoma yote, akachukua kalamu yangu, akakata neno "kidogo" na kuandika juu yake ukubwa wa tone.